Kuendesha Kundi la Mtaa la Kusaidiana kwa Simu Wakati wa Maafa: Mwongozo kutoka Tanga

Watu wa Tanga hawakufundishwa na simu kusaidiana. Kabla ya WhatsApp kulikuwa na msaragambo wa kufyeka njia na kuchimba mitaro, kulikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, kulikuwa na upatu wa akina mama, na kulikuwa na sahani ya futari inayovuka ua wa jirani bila mtu kuulizwa kama ana njaa. Simu iliposhika nafasi yake katikati ya mambo hayo iliongeza kasi, na kasi hiyo inabeba wema na fujo kwa pamoja. Ombi la godoro la mgonjwa linaweza kujibiwa ndani ya dakika kumi, na ndani ya dakika hizo hizo uvumi kwamba bwawa limepasuka unaweza kuwatoa watu mia mbili vitandani na kuwaweka barabarani gizani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuongoza au kusaidia kundi la mtaa wake wakati wa mafuriko, kimbunga, moto au mlipuko wa kipindupindu. Nimekaa katika makundi ya namna hiyo, baadhi yakiwa mazuri na mengine ya aibu, na nililoliona ni kwamba kundi linalofanya kazi ni lile lenye daftari nyuma yake na miguu ya watu wanaotembea nyumba kwa nyumba. Kundi lisilo na hivyo viwili huwa ni baraza la kupeana pole.

Kabla ya wingu kutanda

Mvua za masika katika pwani ya kaskazini hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo miezi ya kuandaa kundi ni Februari na Septemba, wakati ardhi ni kavu na watu wana nafasi ya kukaa kitako. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa kabla hakijafika. Walionufaika zaidi na taarifa hizo ni wale waliokwisha kujua nani atamwamsha nani. Taarifa za Mamlaka hiyo huja kwa ngazi tatu zenye rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Kundi lenu likubaliane mapema kila rangi inaanzisha kazi gani. Katika njano mnaweza kukagua mitaro na kuchaji betri; katika rangi ya chungwa mnawapigia wazee na wajawazito walio mabondeni na kuwauliza watalala wapi; katika nyekundu watu hao wanakuwa wamekwisha kuhamishwa, na hapana tena mjadala.

Hatua ya kwanza ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kabla hujamwongeza mtu yeyote kwenye kundi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya chini kabisa, na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ndio wenye rejesta ya wakazi, muhuri, na uwezo wa kuomba madarasa ya shule yafunguliwe usiku. Vijana wengi huona hatua hii inachelewesha. Nakubali kwamba inachelewesha siku tatu nne, lakini kundi lililoanzishwa bila viongozi wa mtaa hujikuta siku ya maafa likishindana nao, na anayeumia katika mashindano hayo ni mtu aliyekaa juu ya meza akisubiri maji yashuke.

Kisha tafuta watu watano hadi saba wa uratibu, wasizidi. Usichague maarufu, chagua wanaopokea simu. Ukipata mhudumu wa afya ngazi ya jamii, dereva mmoja wa bodaboda anayeheshimika kijiweni, mama aliyewahi kuwa mweka hazina wa VICOBA, mtu mmoja kutoka msikitini na mmoja kutoka kanisani, na kijana mmoja anayemudu majedwali ya mtandaoni, umepata kamati. Hakikisha angalau nusu yao ni wanawake, kwa sababu ambayo nitaieleza mbele.

Daftari la nyumba

Mtaa wa Ngamiani wenye barabara zake za namba ni rahisi kuuandika; mtu akisema barabara ya kumi na mbili kila mtu anajua aelekee wapi. Mabokweni au Chongoleani, ambako nyumba zimetawanyika kati ya minazi, kazi ni kubwa zaidi. Kote kuwili, zoezi la Anwani za Makazi la mwaka 2022 limerahisisha jambo moja muhimu: nyumba nyingi zina namba, na namba hiyo inatosha kuwa utambulisho wa kaya ndani ya kundi bila kulitaja jina la mtu.

Andika katika kila nyumba wanalala watu wangapi, kuna watoto wachanga wangapi, wazee wasioweza kutembea, wajawazito, watu wenye ulemavu, na kama kuna mtu anayetumia dawa kila siku au dawa inayohitaji kukaa kwenye baridi. Usiandike ugonjwa. Mratibu hana haja ya kujua mtu anaumwa nini ili amtafutie pakiti ya barafu umeme ukikatika. Anachohitaji ni kujua kwamba barafu inahitajika nyumba namba fulani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, inataka taarifa za watu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na kwa ridhaa yao. Hata kama sheria hiyo isingekuwepo, mtaa mdogo una masikio, na orodha ya magonjwa ikivuja huwezi kuirudisha.

Zungukeni na mzee mmoja aliyekaa pale miaka mingi, mkiwa na karatasi na simu, mwulizeni maji yalifika wapi katika mvua kubwa anazozikumbuka. Katika mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi na wakazi walipita katika kata zinazofurika wakichora mitaro, njia na majengo kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Hamhitaji mradi mkubwa kufanya sehemu yenu. Mstari wa penseli unaoonyesha maji yalipoishia, pamoja na njia moja ya kutokea ambayo haipiti mtoni, unatosha kuanzia.

Daftari lenyewe liwe la karatasi, lenye jalada gumu, na nakala yake iwe kwenye jedwali la mtandaoni linalofunguliwa na watu watatu tu. Nimesikia vijana wakilicheka daftari la karatasi. Wacheke, simu iliyozama majini haina ukurasa wa nyuma.

Vyumba vitatu vya mazungumzo

Kosa la kwanza la makundi mengi ni kuweka kila kitu mahali pamoja. Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024, na watu mia tatu tu wakianza kuandika "Mungu atusaidie", "amina", na kupeleka mbele video ya mafuriko ya nchi nyingine, ombi la mama aliye juu ya paa linapanda na kupotea.

Tenganisha mambo. Liwepo kundi la matangazo, ambalo mipangilio yake inaruhusu wasimamizi peke yao kuandika na wakazi wote kusoma. Liwepo kundi dogo la uratibu la wale watano hadi saba na wajumbe wa mashina. Na iwepo namba moja ya maombi, yenye mtu wa zamu, inayopokea kupiga, ujumbe mfupi wa kawaida na WhatsApp. Mkitaka mahali pa kupeana pole na kufarijiana, fungueni kundi la nne, na nashauri mfungue, kwa sababu watu wanahitaji kusema; ila lisichanganywe na kazi.

Zamu ya namba ya maombi isizidi saa sita. Anayekabidhi zamu ampigie anayepokea, amsomee maombi yaliyobaki wazi moja baada ya jingine, na mpokeaji ayarudie kwa sauti. Wauguzi hufanya hivyo wodini kila siku, na hakuna njia bora zaidi niliyoiona.

Ujumbe unaoingia kundi la uratibu uwe na umbo moja kila mara: nyumba ipi, watu wangapi, wanahitaji nini, nani amethibitisha kwa macho, na saa ngapi. Kwa mfano: "OMBI 14. Nyumba 27, barabara ya 9. Watu 6, mchanga 1. Maji ya kunywa na turubai. Ameona mjumbe wa shina, saa 3:20 asubuhi." Anayechukua kazi anajibu "14 nachukua", na akimaliza anaandika "14 limefika, saa 5:05". Ombi lisilo na jibu la pili linahesabika halijatimizwa, hata kama kila mtu ana hakika kwamba fulani alikwisha kwenda. Kanuni hii inaudhi siku ya kwanza. Siku ya tatu ndiyo inayowaambia kwamba nyumba mbili za mwisho wa mtaa hazijafikiwa kabisa, wakati nyumba iliyo mbele ya kituo cha bodaboda imepelekewa mchele mara nne.

Asiyeomba

Hapa ndipo kundi la mtandaoni hushindwa zaidi, na ndipo penye kuhitaji akili ya pwani kuliko ya kompyuta. Mtu wa kwetu aliyelelewa kwa haya hawezi kuandika mbele ya watu mia tatu kwamba watoto wake hawakula jana. Ataandika "tunashukuru Mungu, sisi wazima", nawe ukiamini maandishi hayo utampita. Wanaoomba kwa sauti hadharani mara nyingi ni wale wenye bando, wenye kujua kuandika, na wenye ujasiri. Hao nao wana shida ya kweli, lakini si wao peke yao.

Kwa hiyo msisubiri maombi. Ligawanyeni daftari la nyumba, kila mjumbe achukue nyumba kumi hadi kumi na tano, na kila siku ya maafa apite mlangoni au apige simu. Asiulize "mnahitaji msaada?", kwa sababu jibu lake ni "hapana, asante". Aulize mambo yenye jibu: leo mmepikia nini, maji ya kunywa yako kwenye chombo gani, mtoto amelala wapi, bibi amepata dawa yake. Mama mmoja jirani yangu aliulizwa na vijana wa kundi kama ana tatizo, akasema hana. Mwanamke mwenzake alipokwenda na kukaa naye kibarazani kwa nusu saa, ilidhihirika kwamba godoro lilikuwa limelowa siku mbili na watoto walikuwa wanalala juu ya meza.

Wapo pia wenye kitochi, ambao makundi ya simu janja hayawaoni. Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafungia watu majumbani Uingereza, majirani walioanzisha makundi ya kusaidiana kwenye WhatsApp waligundua mapema kwamba wazee wengi hawamo humo, wakaanza kupitisha vikaratasi vyenye namba ya simu chini ya milango. Kwetu kikaratasi hicho kinaweza kubandikwa dukani, kwenye mlango wa msikiti, kisimani na kwa wakala wa fedha. Kiandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili cha kawaida, kiwe na namba ya maombi na maneno mafupi kwamba kupiga mara moja na kukata kunatosha, kundi litakupigia.

Sitara iendelee hadi mwisho wa msaada. Msimpige picha mtu akipokea kilo mbili za unga. Wafadhili walioko Dar es Salaam au Muscat wataomba picha, na wana haki ya kujua fedha yao imekwenda wapi. Wapelekeeni picha ya magunia yaliyonunuliwa, ya risiti, na ya ukurasa wa daftari uliofunikwa majina. Wapo pia wagombea na wenye mabango wanaotaka mfuko wa sukari uwe na sura yao. Jibu la kundi liwe lile lile kwa wote, la adabu na fupi: tunapokea sukari, mifuko tunayo.

Sababu ya kutaka wanawake wawe nusu ya waratibu ni hii: mahitaji mengine hayasemwi kwa mwanamume. Taulo za kike, nguo za ndani, mahali pa kuogea penye mlango, na hofu ya kulala darasani pamoja na watu msiowajua ni mambo ambayo mwanamke atamwambia mwanamke. Wajitolea waende wawili wawili, wasiingie ndani ya nyumba yenye mtoto peke yake, na liwepo jina la mama mmoja anayeheshimika, asiyegawa chochote, ambaye mtu yeyote anaweza kumlalamikia kwamba mgawaji amedai malipo au neno lisilofaa. Likihusu mtoto, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto.

Fedha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani walikuwa wanawafikiria wezi peke yao. Fedha nyingi za michango hupotea kwa kuchanganyika: mtu mwaminifu anapokea laki mbili kwenye simu yake ya kila siku, ananunua luku ya nyumbani kwa bahati mbaya kutoka humo humo, anarudisha kesho, anasahau, na baada ya wiki hawezi kuapa ni kiasi gani kilikuwa cha nani.

Kanuni ya msingi ni kwamba anayepokea fedha asiwe anayeidhinisha matumizi, na anayeidhinisha asiwe anayeandika. Watu watatu tofauti, ambao si ndugu wa tumbo moja. Tumieni laini iliyosajiliwa kwa ajili ya kazi hiyo peke yake, au huduma za vikundi kama M-Koba zinazowahusisha wanachama katika kuidhinisha fedha inayotoka. Tangazo la mchango litaje namba na jina kamili litakalotokea kwenye skrini kabla ya mtu kuweka namba ya siri, na litamke wazi kwamba jina jingine likitokea mtu asitume.

Tahadhari hiyo si ya bure. Kila Mtanzania amekwisha kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na maafa ni msimu wa mavuno kwa watu hao. Wanachukua tangazo lenu halisi lenye picha, wanabadilisha tarakimu moja ya namba, wanalisambaza. Kwa sababu hiyo msitoe matangazo ya michango kwa picha peke yake. Toeni kwa maandishi, kwenye kundi la matangazo, na mtu akipata tangazo kwingine alilinganishe na lile. Ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040, na aliyekwisha kutuma fedha apige simu ya huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja, kwa maana dakika zina thamani.

Kila jioni, kabla ya sala ya Isha, mweka hazina aweke taarifa kwenye kundi la matangazo. Iwe fupi na ijumlishike, kwa mfano: "Kilichobaki jana 184,000. Kilichoingia leo 97,000. Kilichotoka 121,500: mchele, maharage, dawa ya maji, usafiri wa bajaji. Makato ya simu 2,300. Kilichobaki 157,200. Risiti zipo ofisi ya mtaa." Makato yaandikwe kila mara. Ni fedha ndogo, lakini mtu mwenye kutafuta ila huanzia hapo, na hesabu isiyokubali kwa elfu mbili huangusha imani ya laki mbili. Siku ambayo hapakuingia wala kutoka kitu, iandikwe vilevile kwamba hapakuingia wala kutoka kitu.

Vitu

Ombeni fedha kabla ya vitu, na mkiomba vitu tajeni ni vipi. Mkisema "chochote mlicho nacho" mtaletewa nguo, rundo juu ya rundo, koti za baridi na viatu vya mguu mmoja, na vijana wanne watapoteza siku nzima wakizichambua. Fedha ikitumika kununua kwenye duka la mtaa ambalo halikuguswa na maji, inamsaidia aliyeathirika na inamwacha mwenye duka akiwa bado anauza.

Kwa chakula, mashirika ya misaada hukadiria mtu mmoja kwa siku kilokalori 2,100, na makisio yanayotumika mara nyingi ni takriban gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharage au kunde na gramu 25 za mafuta. Kaya ya watu watano kwa wiki moja, basi, ni kilo 14 za unga au mchele, kilo 2 na kidogo za maharage, na karibu lita moja ya mafuta, pamoja na chumvi. Kabla ya kugawa nafaka ulizeni kama kaya ina jiko, sufuria na mkaa mkavu. Ikiwa havipo, wiki ya kwanza ni bora kupika pamoja kwa masufuria ya shughuli. Kila mtaa wa Tanga una mama anayejua kupikia harusi ya watu mia tatu, naye ni hazina kuliko programu yoyote ya simu.

Maji ya matumizi yote hukadiriwa kuwa lita 15 kwa mtu kwa siku, maana yake kaya hiyo ya watu watano inahitaji karibu madumu manne ya lita 20. Jiji la Tanga hupata maji yake kutoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na mto huo unatoka milima ya Usambara Mashariki, kwa hiyo mvua ya milimani ni habari ya bombani hata kama mjini jua linawaka. Baada ya mafuriko, maji ya visima vifupi yahesabiwe kuwa machafu hadi yatibiwe au yachemshwe. Kundi lisitoe ushauri wa tiba, isipokuwa hili moja ambalo kila mtu alijue: anayeharisha sana aanze kunywa maji ya chumvi na sukari papo hapo, pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi, au ikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyo flati na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, huku anapelekwa kituo cha afya. Namba 199 ni ya Wizara ya Afya.

Uvumi

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wakati ghasia zilipokuwa zikiendelea, kikundi kidogo cha Wakenya kilitengeneza tovuti iliyoitwa Ushahidi, ambayo watu waliipelekea taarifa kwa ujumbe mfupi na mtandao, nazo zikawekwa kwenye ramani. Jina lenyewe linabeba swali ambalo kila kundi la mtaa linapaswa kuuliza: nani ameshuhudia? Mtu akileta habari kwamba daraja limekatika, msimamizi amwulize kama ameliona yeye, lini, na kama anaweza kupiga picha akiwa mbali na maji. Akijibu kwamba ameletewa, habari hiyo isiende kundi la matangazo hadi apatikane aliyeona au kiongozi wa eneo hilo.

WhatsApp yenyewe huweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Alama hiyo ichukuliwe kama harufu ya moshi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza habari anayoijua kuwa ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote viwili. Wasimamizi waisome kanuni hiyo kwa wanachama siku ya kwanza, kwa upole, pasipo kutisha. Mliyemkosoa msimwaibishe mbele ya watu. Mpigieni pembeni, kisha tangazeni masahihisho bila jina lake. Aliyeaibishwa leo hataleta habari kesho, na ya kesho huenda ikawa ya kweli.

Mkikosea nyinyi wasimamizi, semeni hivyo kwa maneno hayo: tangazo la saa 2 lilikuwa na kosa, daraja linapitika, samahani. Msilifute kimyakimya.

Mtandao ukikatika

Tarehe 12 Mei 2024, siku chache tu baada ya Hidaya, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota au kupotea katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Kundi linaloishi kwenye intaneti peke yake lilikuwa limekufa siku ile. Kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi kunaweza kuendelea pale ambapo intaneti imelala, kwa hiyo namba za wajumbe wote ziandikwe kwenye karatasi, na kila mjumbe ajue namba tatu kwa kichwa. Namba za dharura, 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya Polisi, zibandikwe pamoja nazo.

Umeme nao ukikosekana, mtaa wenye sola moja au genereta moja upange kuchaji simu za waratibu kwanza. Simu zote zikizima, rudini kwa vilivyokuwepo: kipaza sauti cha msikiti chenye betri, kengele ya kanisa, ngoma, na baiskeli, ambazo mji wetu haujawahi kuzikosa. Kubalianeni mahali pa kukutana saa 1 asubuhi na saa 11 jioni kila siku ambayo simu hazifanyi kazi, pasipo mtu kuitwa. Lijaribuni jambo hili Jumamosi moja ya kiangazi: zimeni simu zote saa nne, na mwangalie taarifa ya uongo kwamba nyumba 27 ina mgonjwa inachukua muda gani kufika kwa mratibu na kurudi. Mara ya kwanza mtacheka. Rudieni baada ya mwezi.

Kulifunga

Makundi mengi hayafungwi. Yanakuwa mahali pa kuuzia vitenge na kutumiana salamu za Ijumaa, na maafa mengine yanapokuja nusu ya watu wamekwisha kulizima sauti. Maji yakishuka na kaya zikirudi, tangazeni siku ya mwisho wiki moja kabla. Siku hiyo kaeni ofisi ya mtaa na daftari, msome hesabu yote kuanzia shilingi ya kwanza, na anayetaka kuona risiti azione. Kilichobaki kiamuliwe na mkutano, si na kamati. Mara nyingi hutosha kununua maturubai na madumu ya akiba, ambayo yahifadhiwe stoo ya mtaa kwa maandishi ya nani ana ufunguo.

Kisha futeni jedwali la mtandaoni lenye taarifa za kaya, pamoja na nakala zilizo kwenye simu za waratibu, mkiwa mmekaa pamoja ili kila mmoja aone mwenzake amefuta. Daftari la karatasi libaki kwa mtendaji, kwenye kabati lenye kufuli, likisubiri kuhakikiwa upya Septemba. Kundi la matangazo liachwe wazi lakini kimya, lenye ujumbe mmoja uliobandikwa juu: namba ya maombi, majina ya wajumbe wa mashina, na mahali pa kukutana saa 1 asubuhi.